Kuichunguza 2,147,483,647: namba tasa kubwa kwa daftari, kikokotoo na simu

Namba tasa ndogo haisumbui. Ukiletewa 97 unajaribu 2, 3, 5 na 7, kazi imekwisha. Shughuli inaanza namba ikifika tarakimu kumi. Mwongozo huu unaichukua namba moja, 2,147,483,647, unaonyesha jinsi ya kuthibitisha kuwa ni tasa kwa njia tatu zisizotegemeana, kisha unaonyesha jinsi ya kuzisoma tabia zake nyingine. Umeandikwa kwa wanafunzi wa sekondari na walimu wa hesabu wa Tanga mjini, Muheza na Pangani. Vifaa ni daftari la miraba, kalamu, kikokotoo cha shule na, kwa sehemu chache, simu yenye programu ya Python. Ukishaipakua programu hiyo haili bando tena, na hesabu za daftarini haziulizi kama umeme umerudi.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Namba tasa haina vigawanyo vya kuieleza, kwa hiyo ukiitazama yenyewe haikuambii kitu. Fanya kama unavyofanya mtaani ukitaka habari za mtu asiyesema: waulize majirani. Jirani wa chini ni 2,147,483,646, wa juu ni 2,147,483,648, na wote wawili wamejaa vigawanyo. Karibu kila kipimo hapa chini kinawahoji hao wawili.

Kabla ya kugawanya chochote

Tambua umbo la namba. Jirani wa juu, 2,147,483,648, ni 2 kwa kipeo cha 31. Namba yetu basi ni 2^31 − 1, na ukiiandika kwa mfumo wa mbili unapata tarakimu 1 mara thelathini na moja, bila sifuri hata moja. Namba tasa za umbo hili huitwa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyodai vinazaa namba tasa. Orodha ilikuwa na makosa, tutayafikia.

Umbo hili lina sharti la kwanza: kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Chukua 2^33 − 1. Kwa kuwa 33 inagawanyika kwa 3, namba hiyo inagawanyika kwa 2^3 − 1, yaani 7, na huna haja ya kuendelea. Kipeo cha 31 ni tasa, kwa hiyo tunaruhusiwa kusonga mbele. Lakini sharti hili halitoshi, na hapo ndipo wengi huteleza: 11 ni tasa, ila 2^11 − 1 = 2,047 = 23 × 89. Iweke hiyo 2,047 pembeni. Itatufaa tena na tena, maana ni namba ndogo yenye hila kubwa.

Njia ya kwanza: kugawanya kama Euler

Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni kama 46,340.95. Ikiwa namba ina kigawanyo, lazima kimoja kiwe 46,340 au chini yake. Namba tasa zilizopo hadi hapo ni 4,792. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezigawa zote kwa mkono, na Leonhard Euler, aliyethibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa, hakufanya hivyo.

Hoja yake ni hii. Tuseme namba tasa q inaigawa 2^31 − 1 bila baki. Maana yake 2^31 ukiigawa kwa q inabaki 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, 31 ndicho kipeo cha kwanza kinachofanya hivyo, na kanuni ya Fermat (tutaieleza katika njia ya pili) inalazimisha 31 iigawe q − 1. Aidha q ni witiri, kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 62. Kisha kuna sharti la pili: 2^32 inabaki 2, na 2^32 ni kipeo cha pili cha 65,536, kwa hiyo 2 ni kipeo cha pili katika mabaki ya q. Hilo hutokea tu q ikigawanywa kwa 8 na kubakiza 1 au 7. Ukiyaunganisha masharti yote, kila kigawanyo tasa kina sura mojawapo ya hizi mbili: 248k + 1 au 248k + 63.

Jaribu kanuni kwa 2,047 kwanza ili uiamini. Hapo kipeo ni 11, kwa hiyo vigawanyo vinapaswa kuwa 22k + 1. Na kweli, 23 = 22 + 1, na 89 = 4 × 22 + 1.

Sasa hesabu ya kazi. k ikiwa 0 tunapata 1 na 63. Zote mbili tupa. k inaweza kufika 186, kwa kuwa 248 × 186 + 63 = 46,191, na ukiongeza k moja unavuka kipeuo. Wagombea ni 186 mara mbili, yaani 372. Idadi hii inagawanyika vizuri kwa kundi la watu kumi na wawili. Tuseme ni kundi la Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina, na kila barabara kuanzia ya kwanza hadi ya kumi na mbili imetoa mtu mmoja. Barabara ya kwanza hadi ya sita wachukue sura ya 248k + 1: wa kwanza k kuanzia 1 hadi 31, wa pili 32 hadi 62, na kuendelea hivyo mpaka wa sita anayeishia 186. Barabara ya saba hadi ya kumi na mbili wagawane sura ya 248k + 63 kwa mtindo uleule. Kila mmoja ana namba 31.

Kabla ya kugawanya, kila mtu apitishe kalamu kwenye orodha yake na kufuta zinazogawanyika kwa 3, 5, 7, 11 na 13. Zaidi ya nusu zitaondoka, maana mgombea asiye tasa hana haki ya kupimwa: angekuwa kigawanyo, vigawanyo vyake vidogo navyo vingekuwa vigawanyo. Wa barabara ya kwanza ataanza na 249 (3 × 83, futa), 497 (7 × 71, futa), 745, 993, kisha 1,241 ambayo ni 17 × 73, na mgombea wake wa kweli wa kwanza ni 1,489. Wa barabara ya saba anaanza moja kwa moja na 311, ambayo ni tasa, kisha anaruka mpaka 1,303.

Mabaki ya kujipima nayo:

2,147,483,647 = 311 × 6,905,092 + 35
2,147,483,647 = 1,303 × 1,648,107 + 226
2,147,483,647 = 1,489 × 1,442,232 + 199

Usisome baki kwenye desimali. Kikokotoo cha tarakimu kumi kitakuonyesha 6905092.113 na kazi ya kurudisha .113 kuwa baki inaweza kukupotosha, kwa sababu tarakimu ya mwisho imekadiriwa. Chukua sehemu kamili tu, zidisha kwa namba uliyogawia, kisha toa kutoka namba ya asili. Halafu hakiki kwa kutupa tisa: jumla ya tarakimu za 2,147,483,647 ni 46, inayoshuka kuwa 10 na kisha 1. Upande wa pili, 311 inashuka kuwa 5, 6,905,092 inashuka kuwa 4, 5 × 4 = 20 inashuka kuwa 2, na 35 inashuka kuwa 8; 2 + 8 = 10, yaani 1. Zimelingana. Kumbuka tu kwamba kutupa tisa hakumkamati aliyebadilishana tarakimu mbili mahali, kwa hiyo aliyeandika 6,950,092 atapita salama. Wapeni kila orodha watu wawili.

Wote wakirudi na mabaki yasiyo sifuri, namba ni tasa. Hakuna "pengine" hapo.

Njia ya pili: jirani wa chini

Kanuni ndogo ya Fermat inasema: n ikiwa tasa, na a isigawanyike kwa n, basi a^(n−1) ukiigawa kwa n inabaki 1. Watu huigeuza kanuni hii na kusema "inabaki 1, basi ni tasa". Hapana. Namba 341 ni 11 × 31, lakini 2^10 = 1,024 = 3 × 341 + 1, kwa hiyo 2^340 inabaki 1 kama kwamba 341 ni tasa. Ukimleta 3 badala ya 2 unaugundua uongo: 3^340 inabakiza 56. Na kuna namba sugu zaidi, kama 561 = 3 × 11 × 17, inayodanganya kwa kila a isiyoshirikiana nayo kigawanyo.

Kipimo bora ni cha Miller na Rabin. Andika n − 1 kama 2 kwa kipeo fulani mara namba witiri d. Kokotoa baki la a^d. Likiwa 1 au n − 1, namba imefaulu kwa a hiyo, ambayo huitwa shahidi. Lisipokuwa, lipandishe kipeo cha pili, mara nyingi kadiri zile 2 zinavyoruhusu, ukitafuta n − 1. Usipoiona, namba si tasa, bila shaka yoyote.

Kwa 2,047: n − 1 = 2 × 1,023, kwa hiyo d = 1,023 na hakuna nafasi ya kupandisha tena. Shahidi 2 anafaulisha namba, maana 2^11 inabaki 1 na 1,023 ni 11 × 93. Hii ndiyo namba ndogo kuliko zote isiyo tasa inayompita shahidi 2. Mlete 3. Kwa kuwa 1,023 ni 2^10 − 1, kuna njia fupi: anza na 3, kisha rudia "kipeo cha pili, zidisha kwa 3, chukua baki" mara tisa. Mnyororo ni huu: 3, 27, 140, 1,484, 1,099, 213, 1,005, 515, 1,439, 1,565. Jibu 1,565 si 1 wala 2,046. Namba imeanguka. Fanya mnyororo huu kwa mkono angalau mara moja. Ukiupata sawasawa umeshaelewa mbinu nzima.

Sasa namba yetu. n − 1 = 2 × 1,073,741,823, na d hiyo ni 2^30 − 1, kwa hiyo mnyororo uleule unafanya kazi, safari hii hatua 29. Kwa simu, pow ya Python hupandisha namba ya kwanza kwenye kipeo cha pili kwenye orodha na kutoa baki la kugawa kwa ya tatu:

pow(3, 1073741823, 2147483647)

Jibu ni 2147483646, yaani n − 1. Imefaulu. Lakini ukijaribu na 2 utapata 1, na jibu hilo halina thamani hata kidogo: kila 2^p − 1 yenye p tasa humpita shahidi 2, iwe tasa au isiwe. Ukikutana na mtu anayepima namba za Mersenne kwa shahidi 2 peke yake, mwambie aanze upya.

Je, mashahidi wangapi wanatosha? Kwa n isiyo tasa, shahidi aliyechaguliwa kwa bahati nasibu hudanganywa kwa uwezekano usiozidi robo. Kwa namba zilizo chini ya 3,215,031,751 imeshathibitishwa kwamba 2, 3, 5 na 7 pamoja hawadanganyiki. Namba yetu iko chini ya mpaka huo, kwa hiyo wanne hao ni uthibitisho kamili. Ukivuka mpaka, orodha ya wanne haitoshi tena, na makosa mengi ya programu za wanafunzi yanatokea hapo: walinakili orodha bila kunakili mpaka wake.

Jirani wa chini ana ushahidi mwingine ndani. Mchambue:

2,147,483,646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Kwa kila kigawanyo tasa q katika hivyo, pandisha 7 kwenye kipeo (n − 1)/q na uangalie baki. Vipeo ni 1073741823, 715827882, 306783378, 195225786, 69273666, 14221746 na 6487866. Hakuna hata kimoja kinachobakiza 1, ilhali 7^(n−1) inabakiza 1. Maana yake vipeo vya 7 vinapita kwenye mabaki yote 2,147,483,646 kabla ya kurudi 1. Namba isiyo tasa haiwezi kuwa na mzunguko mrefu hivyo, kwa sababu baadhi ya mabaki yake yanashirikiana nayo vigawanyo na hayafikiki. Huu ni uthibitisho kamili. Udhaifu wake ni mmoja: lazima uweze kumchambua jirani, na kwa namba za tarakimu mamia hiyo mara nyingi haiwezekani.

Njia ya tatu: jirani wa juu

Jirani wa juu hahitaji kuchambuliwa, ni 2 tupu zilizozidishwa. Kipimo cha Lucas na Lehmer kinalitumia hilo, na kwa maoni yetu hakuna kipimo kizuri kuliko hiki katika hesabu za namba tasa: kifupi, cha uhakika, na hakina bahati nasibu ndani yake. Anza na 4. Kila hatua, pandisha kipeo cha pili, toa 2, chukua baki la 2^p − 1. Baada ya hatua p − 2, baki likiwa 0 namba ni tasa; likiwa kitu kingine chochote, si tasa.

Anza na 2^13 − 1 = 8,191, hatua 11, kazi inayomalizika kwa mkono. Usigawe kwa 8,191. Gawa kwa 8,192 kisha jumlisha jibu na baki. Hiyo ndiyo faida ya jirani wa juu. Mfano hatua ya nne: 4,870 × 4,870 − 2 = 23,716,898. Kwa 8,192 inakwenda mara 2,895 na kubaki 1,058. Jumlisha: 3,953. Jumla ikizidi 8,191, toa 8,191 mara moja.

4, 14, 194, 4,870, 3,953, 5,970, 1,857, 36, 1,294, 3,470, 128, 0

Namba ya kuanzia, 4, haihesabiwi kuwa hatua. Mwisho ni mzuri: 128 × 128 − 2 = 16,382, ambayo ni 8,191 mara mbili kamili. Kosa la tarakimu moja popote njiani huharibu sifuri hiyo, na hakuna namna ya kukisia kosa lilitokea wapi, kwa hiyo tupa tisa kila hatua. Kwa kulinganisha, 2,047 inatoa 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Hatua tisa, hakuna sifuri, si tasa. Angalia pia kwamba kipimo kimesema "si tasa" bila kutaja 23 wala 89. Hakijui vigawanyo na hakitakuambia.

Kwa 2^31 − 1 hatua ni 29, na kikokotoo cha shule kinakwama mapema. Hatua nne za mwanzo zinakwenda vizuri: 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Kipeo cha pili cha hiyo ya mwisho, ukitoa 2, ni 2,005,956,546,822,746,114, na kikokotoo kitakuonyesha 2.005956547 na kipeo cha 18 pembeni. Tarakimu za chini zimepotea, na baki limekwenda nazo. Lahajedwali nazo hushika tarakimu 15 tu, haziponi. Hatua ya tano sahihi ni 669,670,838. Chombo chako kikikupa nyingine, kiache. Python haina shida hii kwa namba kamili:

n = 2**31 - 1
s = 4
for i in range(29):
    s = (s*s - 2) % n
print(s)

Lazima itoke 0. Ikitoka 2147483645 umezungusha mara 30. Ikitoka 2 umezungusha mara 31. Ukiandika 2^31 - 1 badala ya 2**31 - 1, Python itaichukua alama hiyo kwa maana nyingine kabisa na n itakuwa 28, bila kulalamika. Na kwa wanaotumia lugha za programu zenye namba za biti 32 (biti ni tarakimu moja ya mfumo wa mbili), s*s itafurika kwenye hatua ya tano bila onyo; tumia biti 64.

Tabia zake nyingine

Ni namba tasa ya 105,097,565 ukizihesabu kuanzia 2. Mwenzake wa kabla yake ni 2,147,483,629 na wa baada yake ni 2,147,483,659. Haina pacha, kwa sababu ukitoa 2 unapata namba inayoishia na 5, na ukiongeza 2 unapata 2^31 + 1, ambayo inagawanyika kwa 3. Ukiizidisha kwa 2 na kuongeza 1 unapata 2^32 − 1 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, ndiyo maana hutaiona kwenye orodha za namba tasa za Sophie Germain, ambazo ukizifanyia hivyo unapata tasa nyingine.

Ukiigawa kwa 4 inabaki 3, kwa hiyo haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili, tofauti na 13 = 9 + 4 au 29 = 25 + 4. Baki hilo la 3 lina faida: kutafuta vipeuo vya pili katika mabaki yake ni rahisi mno. Unapandisha a kwenye kipeo (n + 1)/4, ambacho ni 2^29, yaani unarudia kipeo cha pili mara 29, basi. Kwa 2 huhitaji hata simu: jibu ni 65,536, kwa kuwa kipeo chake cha pili ni 2^32, ambayo inabaki 2. Ila hakikisha kwa kurudisha nyuma kila mara. Kwa 3 njia hii itakupa jibu lisilo la kweli, maana 3 haina kipeuo cha pili hapa. Mnyororo wetu wa awali ulioishia n − 1 ulikuwa unasema hilohilo.

Ukiizidisha kwa 2^30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane: vigawanyo vyake vyote, bila yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha.

Ile 7 iliyozunguka mabaki yote ni kizalishi, na vizalishi vya namba hii viko 534,600,000, karibu robo ya mabaki. Kwa kuwa 5 haiigawi n − 1, 7^5 = 16,807 nayo ni kizalishi. Mwaka 1988 Park na Miller waliipendekeza kwa kutengeneza namba za bahati nasibu: anza na 1, zidisha kwa 16,807, chukua baki, rudia. Zinatoka 16807, 282475249, 1622650073, 984943658 na kuendelea. Baada ya hatua 10,000 lazima upate 1043618065. Ukianza na 0 itabaki 0 milele. Zitumie kwa michezo na majaribio, kamwe si kwa nywila, kwa kuwa anayeona namba moja anazijua zote zinazofuata. Kwa usiri wa kweli namba yetu ni ndogo mno: mbinu ya kuficha ujumbe ya RSA, ya biti 2,048, hutumia namba tasa mbili za tarakimu 308 au 309 kila moja.

Namba hii pia ndiyo kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 32 zenye alama ya hasi. Mifumo inayohesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa biti 32 itaifikia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Tanga itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utarudi mwaka 1901.

Ukitaka kwenda juu zaidi

Makosa ya Mersenne tuliyoyataja: alitia 67 na 257, ambazo hazifai, akaacha 61, 89 na 107, ambazo zinafaa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole aliichambua 2^67 − 1 kuwa 193,707,721 × 761,838,257,287. Hakiki kwa kanuni ya Euler: 193,707,720 ikigawanywa kwa 134 inatoa 1,445,580 kamili.

Wengine hudhani ukitumia namba tasa ya Mersenne kama kipeo utapata nyingine. Kwa namba za Mersenne zenye vipeo 2, 3, 5 na 7 inatokea. Kwa 13 haitokei, na kwa 31 pia haitokei: 2^2147483647 − 1 inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Simu itakuonyesha papo hapo ukiandika pow(2, 2147483647, 295257526626031). Jibu ni 1.

Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, iliyogunduliwa na Luke Durant katika GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne. Ukitaka kujua ina tarakimu ngapi, zidisha kipeo kwa logi ya 2, acha desimali, ongeza 1. Angalia usahihi wa logi yako. Majedwali ya tarakimu nne yanakupa 0.3010, na utakosea kwa zaidi ya 4,000. Ukitumia 0.30103 utapata 41,024,321, umezidisha moja. Kwa 0.301029995664 inatoka 41,024,319.945, kwa hiyo tarakimu ni 41,024,320. Desimali hiyo .945 nayo usiitupe: 10 kwa kipeo cha 0.9453 ni kama 8.817, na namba yenyewe inaanza na 8816. Mwisho wake unapatikana kwa daftari tu. Tarakimu mbili za mwisho za vipeo vya 2 hujirudia kila baada ya 20, kuanzia kipeo cha 2; 136,279,841 ikigawanywa kwa 20 inabaki 1, kwa hiyo tazama 2^21 = 2,097,152, inayoishia na 52. Toa 1: inaishia na 51. Ukitazama 2^1 badala ya 2^21 utapata 01, kwa sababu kipeo cha 1 kiko nje ya mzunguko.